Sura Tuliyotoka Nayo Ghalani

Inanijia akilini siku ile ya gulio pale Kaisho, mwanangu, nikiwa bado msichana wa kujitwika ndizi kwenda sokoni. Kijana mmoja mgeni alikuja na runinga, deki ya mikanda ya video na jenereta, akapewa ghala tupu la kahawa, akaziba madirisha kwa magunia. Nje jua lilikuwa linawaka; ndani hukuweza kuona kiganja chako. Niliingia na binamu yangu Jasta, na nyuma yetu akaketi shangazi yetu Domitila, mama wa kanisani, ambaye alisema anakuja kutulinda, ingawa nadhani na yeye alitaka kuona.

Hatukuwa tumewahi kuona picha ya kutisha. Ninyi mnaziangalia kwenye simu huku mnakula, mnapiga kelele kisha mnacheka. Sisi hatukujua kwamba kuna kucheka baadaye. Ilikuwa habari ya mwanamke aliyekufa kwa moto, akawa anarudi amejifunika shuka nyeupe, uso umevutwa upande mmoja, anakaa kisimani kusubiri watoto. Yule kijana alitafsiri kwa kipaza sauti, Kiswahili akikichanganya na Runyambo, lugha yetu, na kila picha iliponyamaza aliongeza ya kwake. "Msidhani huyu yuko mbali," akasema. "Hata hapa kwenu wapo. Mwangalieni jirani vizuri." Shangazi alinishika bega, hakuniachia hadi mwisho. Na sitakudanganya, mwanangu: kulikuwa na utamu ndani ya ile hofu. Nilitaka iishe, na nilitaka isiishe.

Kesho yake asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya vibanja, mashamba yetu ya ndizi, ule mzito unaoifanya migomba ionekane kama watu waliosimama. Tulishuka chemchemi, Jasta mbele, mimi nyuma yake, shangazi akija polepole na ndoo. Kila jani lililodondosha tone lilinigeuza shingo. Mara Jasta akasimama. Pale kwenye maji alikuwepo mtu ameinama, amejifunika shuka nyeupe. Akainua kichwa. Uso umevutwa upande mmoja.

Jasta alipiga ukelele ambao sijausikia tena maishani. "Ni yeye! Yule wa ghalani! Ni yeye!"

Mimi nilirudi nyuma, nikateleza, nikakaa kwenye matope. Na yule mtu nilimjua! Kila mtu alimjua: Bibi Nyakato, mjane aliyeungua usoni zamani nyumba yake iliposhika moto, aliyeishi peke yake karibu na chemchemi na kujifunika shuka kwa sababu ya baridi. Nilimjua, na bado macho yangu yalikataa. Yalimwona yule wa kwenye runinga.

Kwetu mtu akipiga ukelele watu hawaulizi kwanza. Wanaume walitoka migombani na mapanga na fimbo, na wengi wao jana walikuwa ghalani. Mbele alikuwa Rwiza, jirani yetu, ambaye msimu ule alikuwa amemzika mtoto wake kwa homa. Alimkazia macho yule bibi kizee, kisha akasema taratibu, "Ndiyo maana. Ndiyo maana mtoto wangu alikufa." Hakuna aliyembishia. Nikasikia nyayo zinaanza kusogea, na hapo ndipo nilipoijua hofu yenyewe. Ile ya jana haikuwa na harufu ya jasho la wanaume.

Shangazi Domitila aliweka ndoo chini. Akapita katikati yao, hakukimbia, akapiga goti kwenye matope mbele ya Bibi Nyakato, akamsalimu kwa Runyambo kama mtu anavyomsalimu mama yake, akamuuliza ameamkaje. Kisha akageuka bila kumwachia mkono.

"Rwiza, huyu ni nani?"

Rwiza aliinua panga.

"Sura uliyoiona jana imo ndani ya mkanda. Mkanda uko kwenye begi la yule kijana, na yule kijana ameshaondoka kwenda Kimuli. Huyu hapa ana jina lake. Mwite."

Panga la Rwiza lilikuwa bado juu. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Jasta, ndogo, inakatikakatika. "Bibi Nyakato... shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi akaitikia, akituangalia wote kwa jicho lake zima. "Mbona mna mapanga asubuhi yote hii? Kuna mnyama?"

Rwiza aliliangusha panga kwenye nyasi, akaketi chini, akalia kama siku ya mazishi. Bibi Nyakato akamwendea, akamshika kichwa, akidhani analilia mtoto wake tu. Labda kweli.

Bibi Nyakato hakuumizwa. Lakini kijijini maneno hayafichiki. Alipojua waliyekuwa wanamtafuta ni nani, aliacha kuja chemchemi, na kabla maharage hayajakomaa alihamia kwa binti yake, kule Nyakakika. Hakurudi tena kwetu.

Mchana wa siku ile tulikuwa tunamenya ndizi, shangazi akatuambia, "Jana nilitetemeka kuliko ninyi. Na leo nilipomwona nilitetemeka vilevile. Msidhani nilikuwa shujaa. Nilimsalimu ili macho yangu yarudi."

Basi mwanangu, sikukatazi picha zako. Angalia, ogopa, piga kelele na wenzako. Huo utamu naujua. Ila ikiisha, jichunguze umetoka na nini. Kama hofu imekufuata, mwambie mtu, "Nimeogopa," bila aibu. Usiivishe sura ya mtu aliye hai: si mzee mwenye macho mekundu ya moshi, si mwenye ngozi tofauti na yako, si jirani anayeishi peke yake. Moyo ukiruka kwa kumwona mtu, msogelee, mwamkie, ungoje akuitikie. Na ukisikia wenzako wanaanza kunong'ona kwamba fulani ndiye, sema hapohapo, usingoje mkubwa afike, maana anaweza kuchelewa.

Mungu akulaze bila majinamizi, akuamshe na macho yanayomtambua mwenzako. Akupe umri mrefu, na siku uzee utakapoibadili sura yako, akuweke kati ya watu wanaokujua na kukuita kwa jina.