Aliyefungwa Aondoke na Mpira

Mpira ulikuwa mmoja na timu zilikuwa mbili. Moja ilikuwa yetu ya Naipingo, nyingine ya Mnero, kule kwenye misheni. Wengi wetu tulijuana kwenye mashamba makubwa ya karanga ya Nachingwea, tulikoandikwa kazi ya kung'oa visiki, na mradi ulipopungua kila mtu alirudi kwao na buti zake na blanketi lake. Mpira ule wa ngozi aliuacha msimamizi mmoja wa kambi siku alipofunga mizigo. Hakusema anamwachia nani. Aliuweka juu ya pipa, akapanda lori, na sisi tukabaki tunautazama kama watu waliookota kuku asiye na mwenyewe.

Tulibishana juu ya mpira ule karibu siku nzima. Watu wa Mnero walitaka ukae kwao kwa sababu misheni ilikuwa na stoo yenye kufuli. Sisi tulitaka ukae kwetu kwa sababu hatukutaka ukae kwao. Mwisho wake kepteni wa Mnero, fundi seremala mwenye maneno machache, akatoa kanuni: kila Jumamosi tucheze, na aliyefungwa aondoke na mpira. Akae nao wiki nzima, afanye mazoezi, kisha aurudishe Jumamosi ukiwa umeshonwa na umejaa upepo. Mshindi, alisema, anayo furaha ya kwenda nayo nyumbani. Aliyefungwa ana nini? Tena akiwa na mpira atarudi tu, hata kama hasira haijamtoka, kwa sababu mali ya watu iko kwake.

Nimesikia watu wengi wakihutubia kwamba michezo huleta umoja. Mimi nimecheza, na nilichokiona zaidi ni matusi na vidole vya miguu vilivyong'oka kucha. Kilichotuweka pamoja ni kanuni ile ya seremala. Tungekuwa na mipira miwili, tusingeonana tena baada ya ugomvi wa kwanza, nao ulitokea wiki ya pili.

Tulicheza Jumamosi kwa sababu Ijumaa ilikuwa yetu sisi Waislamu na Jumapili ilikuwa yao. Timu ngeni ililala kwa wenyeji, ikarudi kwao Jumapili. Watu wa Mnero walipotupikia walimwita mtu wetu achinje, ili sote tule chungu kimoja. Mwezi wa Ramadhani tulicheza jua likikaribia kuzama, taratibu, na wao hawakutukimbiza sana. Goli lilikuwa miti miwili na kamba ya magome juu yake. Kama mpira ulipita juu ya kamba au chini yake, hilo liliamuliwa na refa, mwalimu wa shule ya misheni, na halikuwahi kukubaliwa na mtu mwingine yeyote.

Mimi nilikuwa golikipa. Nasema hivyo bila kujisifu. Niliwekwa golini kwa sababu nilikuwa mrefu na sikupenda kukimbia.

Baba yangu alikuwa fundi viatu. Wakati wa mradi alikuwa na kibaraza chake Nachingwea mjini, na buti za wafanyakazi zilipangwa mbele yake tangu asubuhi, zimepasuka kwa visiki na mawe. Alikuwa mkali, mwenye kelele, na watu walimpenda. Mradi ulipopungua buti ziliondoka na wenyewe. Alirudi Naipingo, ambako watu walitembea pekupeku au walivaa viatu vya matairi, ambavyo havihitaji fundi. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baba akaanza kuingia ndani kabla jua halijazama. Hakuwa mgonjwa, dresa wa zahanati ya misheni Mnero alimpima akasema haoni kitu. Alikula alichopewa na dada yangu, akajibu alipoulizwa, na siku nyingine hakujibu. Kusema kweli niliogopa. Nilimwona baba yangu anakwisha huku anapumua, na sikujua nifanye nini.

Siku moja tulifungwa, na mpira ulipasuliwa na kisiki karibu na mwisho wa mchezo. Niliuleta nyumbani umelegea, nikauweka karibu na mlango nikaenda kuoga. Niliporudi nilimkuta Baba amekaa nje, mpira uko mapajani, msharasi wake mkononi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Vijana wa timu walipokuja kuulizia mpira, aliwafukuza wakanawe mikono kwanza. Mmoja alipewa uzi aupake nta. Mwingine aliambiwa ashike blada, ule mfuko wa ndani wa upepo, wala asipumue. Alimtukana beki wetu kwa Kimwera, tusi refu lenye habari za ukoo mzima, na watu walicheka mpaka dada yangu akatoka jikoni kuona kuna nini. Sikuwa nimemsikia akimtukana mtu kwa miezi mingi.

Wiki ile yote walikuja. Kila jioni baada ya mazoezi walimletea mpira aukague, aupake mafuta ya nyonyo, alalamike. Watu kumi, siku nyingine kumi na wawili, walikaa uani wakila mihogo ya dada yangu, na Baba katikati akiwapangia timu ingawa hakuwahi kupiga mpira maishani mwake. Jumamosi tukashinda. Mpira ukaenda Mnero. Jumapili, kabla ya jua kuzama, Baba aliinuka akaingia ndani.

Jumamosi iliyofuata niliachia goli.

Si kazi ngumu. Golikipa anayetaka kufungwa hana haja ya kufanya lolote. Anachelewa kidogo tu. Niliachia Jumamosi ile, na iliyofuata, na nyingine tatu mfululizo. Mpira ukawa wa kwetu kabisa, na Baba akawa anaamka kabla ya jogoo kuulizia nta. Mimi nikawa kichekesho cha wilaya. Wanawake wa Naipingo waliniita Chekeche. Watani zetu wa Mnero walinitundikia ungo kwenye mti wa goli, wakasema huo unazuia zaidi kuliko mimi. Nilicheka nao. Sikuona uchungu mkubwa, kwa sababu nilijua ninachokinunua.

Aliyenishika alikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Alitokea Matambarale, upande wa Ruangwa, wakakutana na dada yangu wakati wa mradi, akahamia kwetu. Alikuwa beki, mfupi, mkaidi, hapitiki. Alinikuta kisimani asubuhi.

"Shemeji, lile goli la juzi."

"Lipi?"

"Usiniulize lipi. Mpira unaenda kulia, wewe mguu umeupeleka kushoto. Hata mbuzi angeona."

Nilianza kueleza habari za utelezi. Alisubiri nimalize, kisha akauliza tena, taratibu zaidi, na hapo nikamwambia yote. Nilidhani atanielewa mara moja, kwa kuwa naye aliishi uani mwetu na alimwona Baba kila siku. Aliweka ndoo chini.

"Mimi namwita baba vilevile," alisema. "Lakini watu kumi wanatembea mpaka Mnero na miguu yao hii, wanarudi wanazomewa na wake zao. Umewauliza?"

"Ningewaulizaje?"

"Basi umewaibia. Tena umewadharau. Unadhani wanakuja kwa ajili ya ngozi ile? Wanakuja kwa mzee. Wameshamzoea. Watakuja hata mpira usipokuwepo." Akachukua ndoo yake. "Jumamosi udake. Usipodaka nitawaambia wote, na mimi mwenyewe nitakutoa golini."

Alikuwa na haki, na ndicho kilichoniudhi. Nilitembea na hasira zangu siku tatu. Nilimwona kila jioni pale uani akimshikia Baba uzi, na sikumsemesha.

Jumamosi ile tulikuwa nyumbani. Nilidaka kila kitu. Nilidaka hata mipira iliyokuwa inatoka nje yenyewe. Tulishinda moja bila, wenzangu wakanibeba mabegani, na wanawake walewale walioniita Chekeche wakanipigia vigelegele. Kepteni wa Mnero alikuja kuchukua mpira kama ilivyokuwa kanuni.

"Leo umelala usingizi mzuri, eeh?" aliniambia.

Nilimkabidhi kwa mikono yangu. Nilitamani kumnyang'anya.

Jumapili jioni ilionekana kuwa shemeji yangu alisema kweli. Walikuja wote, wakasimulia ushindi, wakamwonyesha Baba nilivyoruka, na yeye akasikiliza. Jumatatu walikuja sita. Hapakuwa na kitu cha kushika. Walizungumzia mvua, wakazungumzia mbaazi, wakatazama mikono yao. Jumanne walikuja wawili. Siwalaumu, watu wana mashamba, na kukaa na mzee asiyezungumza ni kazi. Jumatano alibaki shemeji peke yake, na yeye anaishi hapo. Alijitahidi. Alimuuliza Baba habari za buti za zamani, akajibiwa kwa neno moja moja, hata naye akaanza kupiga miayo.

Ijumaa tulipotoka msikitini Baba aliniuliza, "Mpira uko wapi?"

"Uko Mnero, Baba. Tulishinda."

"Anaushona nani huko?"

"Sijui."

Baba akakusanya vitu vyake, msharasi, nyundo ndogo, bonge la nta, akavifunga kwenye kitambaa, mafundo mawili, akamwita dada yangu aviweke darini. Dada aliuliza kama havitahitajika. Alisema havitahitajika. Shemeji yangu alikuwa amekaa kizingitini akinoa jembe. Aliendelea kulinoa, lakini alikuwa anapitisha jiwe mahali palepale.

Kesho yake tulikwenda Mnero. Njiani shemeji hakunisemesha, nami sikumsemesha. Nilikuwa nimeshaamua kudaka. Nilikuwa nimeahidi, na sikutaka kuwaibia watu tena. Nilitembea nikiwa na huzuni ambayo sikuweza kumwambia mtu, ya mtu anayekwenda kufanya jambo la haki lisilomsaidia.

Mchezo ulikuwa mbaya. Mpira ulikuwa umeshonwa huko Mnero na mtu asiyejua, mshono umevimba upande mmoja, ukipigwa unakwenda utakako. Nilidaka mitatu ya hatari. Mpaka karibu na mwisho ilikuwa bila bila, na kwa sare kanuni ilisema mpira ubaki ulipo. Refa alianza kutazama saa yake.

Hapo mpira ulimfikia shemeji yangu. Alikuwa peke yake. Sentafowadi wao alikuwa mbali, amejishika kiuno, anahema. Shemeji aliukanyaga mpira, akageuka, akanitazama. Nilidhani atanirudishia taratibu. Akaupiga kwa nguvu zake zote, chini chini, kwenye kona ya goli letu.

Baadaye watu wengi waliniambia mpira ule haukuwa wa kuzuilika. Ulikuwa wa kuzuilika. Ulikuwa hatua moja kutoka mkononi mwangu. Sikuipiga hatua hiyo, na sikujisikia mwizi.

Refa alipuliza filimbi kidogo, akasita, akapuliza tena. Watu wa Mnero hawakushangilia. Hawakujua washangilie nini. Wenzetu walisimama wameshika vichwa.

"Jua liliniingia machoni," shemeji alisema kwa sauti.

Jua lilikuwa mgongoni kwake. Kila mmoja wetu aliliona lilipokuwa. Tulitazamana, na nikaona kwamba wanajua; sijui alikuwa amewaambia lini, au kama waliona wenyewe uani siku ya Jumanne walipobaki wawili. Nilimsubiri wa kwanza atakayetukana. Winga wetu, mtu mwenye mdomo mchafu kuliko sote, alikwenda kuuokota mpira wavuni, yaani nyuma ya ile miti yetu miwili, akaupangusa vumbi kwa shati lake, akauweka kwapani. Hakungoja kukabidhiwa.

Tulifika Naipingo Jumapili mchana. Kwa kawaida kila mtu angeshika njia ya kwake, kwa mkewe na chakula chake. Siku ile walinifuata wote mpaka uani. Baba alikuwa ndani. Winga aliuweka mpira mlangoni, sisi tukakaa chini, tumechoka, na hapakuwa na mtu aliyeita hodi.

Alitoka baada ya muda. Aliuona mpira, akainama kwa shida, akapitisha kidole gumba kwenye mshono. Akarudia.

"Nani kaushona hivi?" aliuliza.

Shemeji yangu alikuwa ameshapanda kuchukua kile kitambaa darini. Baba alifungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akaketi kizingitini, akaanza kufumua ule mshono wa Mnero wote, uzi mmoja baada ya mwingine, huku akimlaani aliyeushona. Nilifurahi mpaka nikashindwa kumtazama. Kisha akainua macho.

"Nani kafunga?"

Dada yangu alimtazama mumewe.

"Jua, Baba," shemeji alisema. "Liliniingia machoni."

Baba alimtazama, akatutazama na sisi wengine tulivyojaa vumbi. Akasogea kidogo kizingitini, akampa nafasi.

"Basi kaa hapa kivulini," alisema, "unishikie uzi."