Saa Iliyokatazwa Kulia

Mkono wa baba ulinukia miwa iliyochomwa. Harufu hiyo ya moshi mtamu, masizi na jasho ndiyo iliyonipokea kila jioni nilipoukimbilia mkono wake wa kushoto na kuulaza juu ya sikio langu. Watoto wengine wa pale kwetu, karibu na Ekero, walipekua mifuko ya baba zao wakitafuta peremende. Mimi nilitaka mkono wenye saa. Kabla sijajua kusoma saa nilikuwa nimekwisha kujua kuisikiliza. Tik-tik-tik-tik, haraka haraka, kama kifaranga anayedonoa mtama juu ya bati, na chini yake, ukijikausha kimya, mlio mwingine mwembamba zaidi, wa chuma kinachopumua. Baba alikuwa msimamizi wa kundi la wakata miwa, na alirudi nyumbani mweusi kwa masizi toka utosini hadi kwenye vidole. Lakini saa yake aliifunga kitambaa akiwa kazini, kwa hiyo jioni alipokifungua palikuwa na mahali pamoja safi mwilini mwake, penye upana wa sikio la mtoto. "Nanjala, leo inasemaje?" aliniuliza. Nami nilimjibu kila siku, "Inasema umechelewa." Alicheka mpaka mkono ukatikisika, nikamkasirikia kwa sababu kicheko kiliuharibu mlio.

Ilikuwa miaka ya miwa. Asiyeiona miaka ile hawezi kuamini nikimwambia jinsi trekta zilivyoburuta matela mchana kutwa, jinsi king'ora cha kiwanda kilivyotuamsha, jinsi harufu ya molasi ilivyoingia mpaka kwenye obusuma, ugali wetu, ndani ya sufuria. Malipo ya miwa yalipotoka, wanaume walirudi na mabati, redio, baiskeli, na zaidi ya yote, saa. Shati la mikono mirefu lilikunjwa hata kukiwa na baridi, hata kanisani, ili watu waone. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Kwetu mkono wowote wa kiume ulivikwa saa. Wa kiume, nasema, kwa sababu sikumwona mwanamke hata mmoja wa kijiji chetu aliyevaa. Na miwa ile ilipaliliwa na nani? Mama aliinama katika mistari ya miwa mpaka majani yakamchanja mikono na shingo, na jina lililoandikishwa kiwandani lilikuwa la baba. Nilimpenda baba, nampenda hadi leo, lakini hilo nalisema na sitalimeza.

Haki nyingine nayo isemwe: baba yangu alinifundisha kuitunza saa ile kama vile angemfundisha mwanawe wa kiume, kama angekuwa naye. Kila asubuhi, kabla ya chai, niliitia ufunguo. Twasema ufunguo, ingawa hapakuwa na ufunguo wowote, ila kidude kidogo cha ubavuni chenye meno ya kukwaruza ncha za vidole. Unakizungusha taratibu, kinajibu krr, krr, mpaka unakihisi kimekuwa kizito. "Ikikataa, usiishurutishe," baba alinionya. Wageni walipokuja, niliwaomba saa zao pia. Katekista wetu alikuwa na saa kubwa yenye mlio wa uvivu, na mfanyabiashara mmoja wa Mumias, aliyekuwa akija kununua mahindi na kutusalimu kwa "Salaam aleikum" kabla hajashuka kwenye baiskeli, alikuwa na saa yenye mlio wa mtu anayetembea kwa ndara. Alininyooshea mkono mwenyewe, hata kabla sijaomba. "Sikiliza, mwanangu, sikiliza," aliniambia, "wengine tunavaa tu." Baadaye nilikuja kuona alikuwa amesema jambo kubwa kuliko alivyodhani.

Miaka hiyo hiyo baba alianza kukohoa. Walisema ni moshi wa miwa, wakasema ni baridi, wakasema mengi. Alipopelekwa hospitali ya misheni kule Mukumu, tulikwenda kumwona, mama na mimi, tukamkuta amepungua hivi kwamba saa ilikuwa inamtelezea mpaka karibu na kiwiko. Aliivua mwenyewe. Mama alikuwa ameketi pale pale kando ya kitanda, amembeba kuku mikononi, maana alikuwa amedhani ataruhusiwa kumpikia. Baba aliniwekea saa kiganjani, akavifunga vidole vyangu juu yake. "Usiiache ikalala," aliniambia. "Ni yako sasa. Sikio lako ndilo linaloijua." Hakurudi nyumbani akiwa hai. Siku za msiba, watu walipokuwa wakilia na kuangua vilio uani, mimi nilikuwa nyuma ya jiko na saa sikioni. Niliitia ufunguo kila asubuhi, hata asubuhi ya mazishi. Nilikuwa nimeambiwa isilale, na sikuona ni kwa nini ilale kwa sababu mwenyewe amelala.

Baada ya mazishi huja siku ya kunyoa. Ukoo hukusanyika, wafiwa hunyolewa nywele, na vitu vya marehemu hutandazwa juu ya mkeka ili vigawanywe. Koti la baba liliwekwa, kofia, kigoda, panga, viatu vyake vya Jumapili. Mzee wa ukoo aliyekuwa akigawa alitazama mkeka, akauliza, "Na saa iko wapi?" Macho yote yalinigeukia, kwa maana mlio ulikuwa unasikika mfukoni mwa gauni langu. Mama alisimama, kichwa chake kikiwa kimetoka kunyolewa, akasema waziwazi kwamba marehemu alimpa Nanjala saa ile kwa mkono wake mwenyewe, yeye akiona. Mzee hakumkaripia hata. Alicheka kwa upole, na upole ule ndio unaonichoma mpaka leo. "Msichana harithingi, mama. Mtoto wa kike ni wa watu. Kesho ataolewa, saa ya ukoo iende kulia katika boma la wengine?" Baba mdogo Makokha, mdogo wake baba, ndiye aliyepewa. Niliambiwa niitoe. Niliitoa. Alinyoosha mkono avalishwe, akaugeuza huku na huku juani ili kioo kimetamete, na wala hakuipeleka sikioni hata mara moja.

Kesho yake alikwenda nayo sokoni Ekero, mkono wa shati umekunjwa. Sikuwapo, lakini aliporudi mchana niliona uso wake umebadilika rangi. Saa ilikuwa imesimama. Jamani! Nani asiyejua kwamba saa isipotiwa ufunguo husimama? Nasema na leo kwamba hata yeye alijua, maana alimwona baba akiitia kila siku ya Mungu. Lakini hofu ikishamshika mtu, maarifa hukimbia. Alimwendea mzee yule yule, na mzee akatoa hukumu: "Ndugu yako ameishika. Saa ya marehemu haiamshwangi." Mimi, mtoto mjinga niliyedhani ukweli unatosha, nilijisogeza nikasema, "Baba mdogo, nipe niitie ufunguo, itaamka tu." Alirudi nyuma kana kwamba nimeshika nyoka. "Mmesikia? Huyu ndiye aliyeifunga! Alikuwa akiichezea huku ndugu yangu yuko kwenye jeneza!" Mama alinivuta kwa bega, akaniingiza jikoni, akakaa na mimi kwenye moshi. Sikio la kufa halisikii dawa, na la baba mdogo halikutaka kusikia hata saa.

Labda utadhani mtu aliyeiogopa saa hivyo angeirudisha. Thubutu! Aliivaa hivyo hivyo, imekufa. Aliivaa kanisani, kwenye mikutano ya wakulima wa miwa, kwenye harusi, na alipozungumza aliuinua ule mkono wa kushoto kuliko wa kulia. Watu walipomwuliza saa, alitupia jua jicho la haraka, kisha akaitazama saa kwa makini, akatangaza. Mishale imekwama pale pale ilipokwama, na wanaume wazima wanatikisa vichwa, wanasema asante! Mgala muue na haki mpe: hakutudhulumu mahindi, na paa letu lilipovuja alipanda mwenyewe kuliziba. Lakini kila nilipomwona, niliutazama kwanza mkono wake wa kushoto. Nilikuwa nimeahidi isilale, na niliiona imelala mbele yangu, mkononi mwa mtu mzima wa afya, na dawa yake ni vidole viwili na subira ya kuzungusha kidude. Nilimaliza shule, nikapata kazi mjini Kakamega, nikaolewa, nikazaa, na hata siku ya harusi yangu, jamaa zangu walipokuwa wakila ingokho, kuku wa heshima, na kunishauri niwe mke mtiifu, mimi nilikuwa naukodolea macho mkono wa baba mdogo uliokuwa ukichukua minofu.

Ngoma ivumayo sana haidumu. Miwa ilianza kukaa shambani mpaka ikakauka bila kukatwa, trekta zikaota kutu, watu wakang'oa visiki kupanda mahindi. King'ora kilinyamaza. Baba mdogo alizeeka katika ukimya huo, akafa, tukamzika, na ikafika siku ya kunyoa. Nilikwenda na mama, ambaye sasa alitembea kwa fimbo. Mkeka ule ule ulitandazwa, au ndugu yake. Mzee wa zamani alikuwa amekwisha kufa. Aliyegawa alikuwa Barasa, mtoto mkubwa wa baba mdogo, mwanamume mwenye simu mbili. Walinyang'anyana redio, wakabishana juu ya baiskeli. Saa ilibaki peke yake, kioo kimekwaruzwa hadi kuwa na ukungu. Hakuna aliyeitaka. Nilisema, "Nipeni mimi." Barasa aliiokota kwa kidole na gumba akanitupia, akisema, "Chukua, dada. Hiyo haifanyangi kazi. Ya watoto kuchezea." Watu walicheka. Nikacheka nao, kwa sababu nilijua kicheko changu ni cha nini.

Sikwenda nayo pembeni. Nilisimama pale pale katikati ya ua, mbele ya ukoo mzima, nikashika kile kidude cha ubavuni. Kilikuwa kigumu. Nilikipulizia, nikakisugua kwa upindo wa leso, nikajaribu tena, na nikakisikia kikijibu, krr. Taratibu. Krr. Kilipokuwa kizito nilikiacha, nikaitikisa saa kidogo karibu na sikio. Haikusema kitu. Kisha ikasema. Iliposema mara ya kwanza niliogopa nimejidanganya, lakini iliendelea, tik-tik-tik-tik, kwa kuchechemea kidogo, ikivuta pumzi. Haikuwa mbovu! Haikuwahi kuwa mbovu hata siku moja! Baba hakuwa ameishika, sikuwa nimeifunga, hapakuwa na mzimu wala laana. Maisha yangu yote ya usichana saa ile ilikuwa inangoja mtu mmoja tu asiwe mwoga, na mtu huyo alikuwapo, alikuwa amevaa gauni, aliambiwa akae jikoni.

Nikapaza sauti: "Inalia." Mmoja akasogea, akasikiliza, akashika mdomo. Ndipo Barasa alipoinuka, akanyoosha mkono, kiganja kikitazama juu. "Ala! Kumbe nzima. Dada, hiyo ni ya babangu. Ilete." Nilimtazama usoni nikitafuta mzaha, sikuuona. Ilipokuwa maiti nilipewa, ilipofufuka nikadaiwa. Na wazee walianza kuitikia, ndiyo, ndiyo, ni haki, yeye ameolewa kwa watu. Maneno yale yale, jamani, hata hawakujisumbua kutunga mapya! Nikamwambia, "Barasa, umenipa mbele za watu. Baba yangu naye alinipa. Nimepewa mara mbili, wewe unidai mara ya ngapi? Kama unaitaka, njoo unibandue vidole." Alitazama huku na huku. Hakuja. Ndipo mama, aliyekuwa ameketi chini na wanawake wenzake, alipogonga fimbo ardhini akasema, "Nanjala, hebu lete hiyo kitu na mimi nisikie."

Nilipiga magoti nikamwekea sikioni. Alifumba macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, akiufuata mlio kwa kichwa, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndivyo ilikuwa inalianga hivi?" Aliishi nayo nyumba moja, miwa iliyoinunua aliipalilia yeye, jasho lake limo zaidi ndani ya chuma kile kuliko la mtu yeyote, na hakuna aliyekuwa amewahi kumnyooshea mkono akamwambia, sikiliza. Hata mimi, mpenzi mkubwa wa saa, sikuwahi. Nilimfunga saa mkononi pale pale, kwenye mkono wa kushoto wenye alama za majani ya miwa, na nikawageukia wanaume wa ukoo wetu waone.

Sasa mama anaishi nami mjini Kakamega. Nje bodaboda zinapiga kelele tangu alfajiri, na nyumbani hakuna kitu kingine kinachotoa mlio wa wakati. Wanangu husoma saa kwenye simu, vioo vilivyo bubu. Barasa bado hunitumia ujumbe akidai mali ya babake, na simu hiyo hiyo anayoniandikia inamwonyesha saa juu ya kioo, tena iliyo sahihi kuliko yetu, maana yetu sasa huchelewa. Simjibu. Kila asubuhi, kabla ya chai, mama hunyoosha mkono nami huitia saa ufunguo, taratibu, mpaka inapokataa. Kisha naulaza mkono wake juu ya sikio langu. Haunukii miwa tena, unanukia sabuni ya kufulia. "Leo inasemaje?" huniuliza. Nami humwambia ukweli: "Inasema tulicheleweshwa, mama."