Saa ya chess imelaza watu chini

Leo nimelaza watu chini hapa mtaani Olympic, na sikuwa na silaha.

Otieno, mwenzangu wa chess, hunishinda kwa muda tu. Mimi huwaza sana mpaka saa yangu inaisha. Leo nikaapa: sogeza, gonga saa, basi.

Nikaigonga. PAAH!

Na vile mtaa umekuwa na milio ya risasi tangu kura, wote chumbani wakalala sakafuni. Otieno chini ya meza, saa yake inakimbia.

"Amka, ni mimi!"

Akatoa jicho moja na mkono, akasukuma malkia, akagonga saa. "Cheza, Mwende."

Nilicheka mpaka dakika zangu zikaisha. Nimeshindwa kwa muda tena, wueh!

Sasa jirani anauliza mbona mimi Mkamba bado nacheza na Mjaluo.

Kesho tunacheza mlango wazi, atuone, na saa nitaigonga kwa nguvu zaidi. Mwenye kuogopa alale chini mapema.