Roho Moja, Maana Mbili

Sisi tuliolelewa Kizanzibari hapa Maskati tuna kiburi na Kiswahili chetu. Tunaona wengine wote wanakiazima. Kiburi hicho nimekichukia tangu mtumishi wa jirani yangu, huku mtaani kwetu Amerat, alipougua.

Alikuwa mama wa Kikenya, mpole, anacheka na mtu hata akiwa kachoka. Siku moja alimwambia tajiri wake, yule jirani, "Mama, roho inaniuma sana. Hata ngazi siwezi panda." Kwao, roho ni moyo. Kwetu, roho ni koo; mtu akisema roho inamuuma, tunamchemshia maji ya asali na ndimu. Jirani akamchemshia. Hakupata nafuu, basi akampeleka kituo cha afya, akamwacha kwenye benchi, akaingia yeye kumsemea kama ilivyo desturi yetu. Akamwambia daktari kwa Kiarabu kwamba koo linamuuma. Mgonjwa akaitwa ndani, akaambiwa afungue kinywa. Koo safi. Akapewa dawa ya kusukutua.

Akasukutua kwa utiifu mpaka alipoanguka jikoni. Hospitali ndiyo iliyogundua kuwa ni moyo, na kwamba ulikuwa umeumia vibaya kwa kucheleweshwa. Jirani alilia sana. Simwiti mtu mbaya. Ila machozi yake hayakumrudishia yule mama kifua chake.

Nilikuwa mjumbe wa kamati ya wakaazi inayopeleka maoni juu ya huduma za afya. Nikaomba tupeleke pendekezo liwe kanuni: mgonjwa aingie mwenyewe kwa daktari, na mkalimani awe wa kituo, asiwe tajiri wake. Nilieleza kisa chote, mpaka sauti ikanikauka.

Mwenyekiti, mtu wa kwetu, mamake mzaliwa wa Unguja, akatabasamu. "Bibie, Kiswahili si chetu hichi? Majumbani humu sote twakisema. Mkalimani wa nini tena?"

Wakacheka. Kisha akamgeukia mwenye kugawa chai. "Nipe ya tangawizi. Roho yaniwasha tangu asubuhi, kiyoyozi hichi kitaniua."

Nikamwambia, "Kesho mchukue mtumishi wa Kikenya akakusemee kwa daktari. Wakikubandika nyaya kifuani, usije kunililia mimi."

Walicheka zaidi, na yeye akacheka nao. Asiyejua maana haambiwi maana. Wakahamia kwenye ajenda ya maegesho ya magari, wakaijadili kwa moyo mkunjufu mpaka adhana. Nilitoka nikiwa na hasira ambayo mpaka leo sijaitua.

Yule mama akakatiwa tiketi ya kurudi kwao, kwa kuwa hawezi kazi tena. Nilikwenda kumuaga. Sanduku lake lilikuwa mlangoni, na mwanawe kule kwao, ambaye kwa ajili yake alikuja kufanya kazi huku, alikuwa bado hajamaliza shule.

"Ile kanuni yenu, mama, walikubali?" akaniuliza.

"Hawakukubali."

Akaweka sawa mtandio wake. "Roho inaniuma kwenda hivi."

Nikamuuliza, "Wapi?"

Akaushika mkono wangu, akauweka kifuani pake. Lilikuwa swali la neno moja, na siku ile kituoni hakuna aliyemuuliza.