Mfundishe Mwanao Kama Ng'ombe

Novemba iliyopita maksai wangu wawili waliondoka na pikipiki ya mratibu elimu wa kata, na mwenyewe akakataa katakata kuikimbilia.

Hapa Nyakahura kila mtu ana stori yake. Wengine wanasema nimerogwa. Wengine wanasema ng'ombe ndio waliorogwa.

Mwenye ng'ombe ni mimi. Tulieni niwape ilivyokuwa.

Naitwa Kazimili. Baba yangu alihamia Biharamulo na mifugo yake akitokea Shinyanga, kwa hiyo mimi ni mtu wa ng'ombe. Mke wangu Secilia ni wa Ngara, Mugoma kule, binti wa katekista. Nyumba yetu ina mtu anayejua Biblia na mtu anayejua maksai.

Matatizo yalianza mtu wa maksai alipopewa chaki.

Mwezi wa tatu binti yetu Wema, wa darasa la pili, alidondoka kwenye mpera akavunjika paja. Daktari akasema mwaka huo asahau shule, maana ni mwendo wa saa nzima na kuna mto wa kuvuka. Secilia hakulia. Alipaka ubao rangi nyeusi, akauegemeza ukutani sebuleni, akasema, "Basi shule imehamia hapa."

Mratibu elimu, Mwalimu Audax, hakutukatalia. Alisema Novemba atakuja mwenyewe kumpima. Akisoma vizuri, Januari anaingia la tatu na wenzake. Akishindwa, anarudia la pili.

Sasa, la pili ndilo darasa ambalo mdogo wake, Happyness, angeingia Januari hiyo hiyo. Yaani Wema akae dawati moja na Happyness, ambaye mpaka leo ananyonya kidole gumba!

Wema alipoambiwa hivyo alisusa ugali siku mbili.

Shule yetu ilifunguliwa kwa sala kila asubuhi, kisha mstari wa Biblia. Secilia aliupenda ule ambamo Paulo aliwahimiza Wathesalonike watiane moyo na kujengana. Aliuandika juu kabisa ya ubao na hakuufuta mwaka mzima. Siku za gulio, yeye akienda kuuza mitumba, mwalimu nilikuwa mimi.

Nilikaa chini ya mstari huo huo na kufundisha hivi:

"Soma!"

"Ku... ku..."

"Kuku gani huyo mwenye kigugumizi? Soma!"

Nilijiona mchekeshaji kweli. Kufika mwezi wa saba, mtoto akiniona na kitabu anafumba mdomo kama anayepewa dawa chungu. Kwa mama yake anasoma kidogo kidogo. Kwangu, bubu.

Nikamwambia Secilia, "Huyu mtoto ana kichwa kigumu."

Akanitazama kidogo, akasema, "Baba Wema, leo umepanga kuni vizuri sana."

Hasira yote ikaisha. Nikaenda kuzipanga upya, nikazinyoosha zaidi.

Mvua za kwanza ziliponyesha nikaingia shambani na maksai. Mmoja anaitwa Diwani kwa sababu ya tumbo. Mwingine ni Injinia, maana kila penye shimo lazima asimame alikague.

Siku hiyo Injinia aligoma katikati ya mstari. Nikaacha plau, nikamshika shingo.

"Injinia, baba! Shingo ya chuma! Nani kama wewe kata nzima? Pole, umechoka, najua. Rudi kwenye mstari, mwanaume. Songa!"

Akasonga. "Wabeja!" nikampa asante yake ya Kisukuma.

Nageuka, Secilia amesimama na uji. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi.

"Baba Wema, ng'ombe akikosea unamwambia pole?"

"Ng'ombe ukimtukana halimi," nikasema, nikapokea uji na kupiga funda.

"Na mwanao?"

Uji ule ulinipalia.

"Kesho," akasema, "mfundishe mwanao kama ng'ombe."

Kesho yake nilikaa mbele ya Wema najisikia mjinga. Akafungua kitabu, akafunga mdomo. Nikasafisha koo.

"Wema, mama! Shingo ya chuma! Nani kama wewe kata nzima? Songa!"

Mtoto alicheka mpaka akadondoka kwenye kigoda, na mguu wenyewe ndio kwanza unapona. Alipokaa tena, akasoma mstari mzima.

"Wabeja!"

Akasoma na wa pili.

Tangu siku hiyo tukalima kitabu. Akikosea, "Pole, rudi kwenye mstari." Akipatia, "Wabeja!" Majirani wakawa wanauliza kama nafuga ng'ombe sebuleni.

Novemba ikafika na mvua zake. Mwalimu Audax akakwama kwenye tope barabarani, pikipiki imekufa. Nikafunga mkokoteni, nikaenda kumchukua. Tukaipakia pikipiki, tukaifunga kamba, tukaja naye hadi nyumbani. Diwani na Injinia nikawaacha uani na nira yao, mkokoteni nyuma, pikipiki juu yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Wema. Haya, nisomee hapa."

Alimpa kitabu ambacho hatujawahi kukiona.

Wema akakitazama. Midomo ikafungana. Nikaiona ile sura ya mwezi wa saba imerudi, na nikajua nani aliyeiweka pale. Moyo uliniuma, jamani. Mtoto machozi yanamlenga, na mlangoni Happyness anachungulia na kidole chake mdomoni.

Sikuweza kuvumilia. Nikasimama nikapiga kelele kama niko shambani:

"Shingo ya chuma! Nani kama wewe kata nzima? SONGA!"

Wema akaanza kusoma.

Diwani na Injinia nao wakasonga.

Walipita katikati ya maharage, wakaangusha kichanja cha vyombo, wakashika njia ya gulioni wanayoijua. Mimi nakimbia, Secilia anakimbia, Happyness anakimbia, kuku wote wanakimbia. Kila nikiita, "Simama, Injinia!" anasikia sauti yangu, anaongeza mwendo.

Nikageuka nyuma. Kupitia mlangoni nikaona Mwalimu Audax hajanyanyuka kwenye kiti.

"Mwalimu! Pikipiki yako!"

"Iache iende," akajibu bila kugeuka. "Mtoto anasoma."

Alimsikiliza mpaka ukurasa wa mwisho. Ng'ombe niliwakuta gulioni wamesimama mahali pao pa siku zote, pikipiki iko vilevile juu. Januari Wema aliingia la tatu.

Mngedhani imeisha hapo.

Juzi nikawa natafuta kalamu kwenye sanduku la Secilia. Nikaona daftari la shule yetu. Mbele limeandikwa: "Mwanafunzi wa kwanza: Wema." Nikafunua kurasa za nyuma.

"Mwanafunzi wa pili: Baba Wema. Mgumu. Akisemwa anasusa."

Nikakaa chini.

"Nimemsifu kwa ndoo moja ya maji. Kesho yake kaleta mbili."

"Nimemsifu kwa kupanga kuni. Kazipanga mara mbili, maskini."

"Asubuhi hakufoka. Nimemsifu. Mchana kafoka. Mungu nisaidie."

Na chini kabisa: "Leo kamsifu mtoto. Nimelia jikoni. Nimewaambia ni moshi."

Nikamfuata na daftari mkononi. "Secilia! Ina maana zile sifa zote ulikuwa unanisongesha kama Injinia?"

"Zote zilikuwa za kweli," akasema. "Ila nyingine nilizitafuta sana."

Ndugu zangu, mwenye sauti kubwa kuliko wote nyumbani, mchunguzeni. Huenda ndiye aliyekaa miaka mingi bila kuambiwa "wabeja" na mtu yeyote. Mtieni moyo, hata kwa ndoo moja, naye atajifunza kuwatia moyo wengine. Mimi nimechelewa kuhitimu, lakini nimejifunza.

Leo nimechota ndoo tano. Nimezipanga mlangoni pa jiko, nami nimekaa hapa pembeni nasubiri azione.