Jina Nililoachiwa na Baba

Sijawahi kumwambia mtu: baba yangu ni mzungu wa Ayalandi.

Aliondoka Nakuru nikiwa mchanga. Mama husema siku hiyo aliniinamia akaninong'oneza jina la kwao, Slani.

Tangu nimalize shule nije Riyadh kufanya kazi ya nyumba, sikuwa nimekutana na mtu wa kwao baba. Leo mwalimu mpya wa watoto wa madam akasema kwao ni Ayalandi.

Nikajikaza. Nikamwambia nami nina jina la kwao.

"Lipi hilo?"

"Slani."

"Hilo si jina, mpenzi. Kwetu ni kusema kwaheri."

Nikarudi jikoni.

Jioni mama akapiga simu. "Slani wangu, umekula?"

Nikaitika.

Mngemwambia nyinyi? Mimi siwezi. Tafadhali, neno hili lisimfikie mama.