Sauti za Majaribio

Aliyeanzisha uvumi ni fundi cherehani wa chumba cha mbele. Alisema Mzee Bata amemficha mwanamke ndani.

"Nimemsikia kwa masikio yangu haya, mama Tonge," alisema, uzi ukiwa mdomoni. "Anacheka, halafu kimya. Wewe umewahi kumwona akitoka hata kumwaga maji?"

Mama Tonge alimpandisha mwanawe vizuri mgongoni. Chumba chake na cha Mzee Bata viligawana ukuta, na kicheko hicho alikuwa akikisikia tangu ahamie. Mumewe alifanya kazi mbali, na simu zake zilikuwa fupi. Jioni akinyonyesha, kicheko kile kilimfanya ajione na yeye ana mwenzake. Kitu ambacho fundi hakukijua ni kwamba wiki ile kicheko hakikuwa kimesikika kabisa.

Mzee Bata alikuwa mchapaji. Watu walimletea barua za maombi na kadi za mialiko, naye akazichapa kwenye kompyuta kuukuu aliyoibandika picha ya ndege mweusi mwenye tumbo jeupe. Ndege yule hakuwa bata, lakini nani angebishana na watoto wa uani waliompa mzee jina hilo? Kompyuta yenyewe haikuwa na mfumo endeshi wanaoutumia wengi. Ilikuwa na ule wa bure, unaotengenezwa na watu wasiojuana, kila mmoja na pembe yake ya dunia. Ikiharibika, mafundi wa mjini walimrudishia bila hata kuiwasha. "Huo wako hatuujui, mzee. Tukuwekee wa watu?" Naye huondoka nayo kwapani, arudi kujifungia.

Siku hiyo mama Tonge alimimina chai kwenye kikombe, akabisha hodi.

Kompyuta ilikuwa mezani, imefunguliwa tumbo. Mzee alikaa mbele yake, mikono magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimefuta, mwanangu."

Alisema hivyo kama mtu anayeulizwa na polisi. Mama Tonge akaweka chai chini, akakaa.

"Ndani mna diski mbili," mzee aliendelea. "Moja ya kazi, nyingine ya mambo yangu. Nilitaka kuisafisha ya kazi, niweke toleo jipya. Sasa mfumo huu huziita diski kwa herufi, na herufi hufuata ipi imewahi kuamka. Miaka yote, diski ya kazi imekuwa b. Mwanzoni mwa wiki nikawasha huku nimechomeka flashi, zikapishana. Mimi nikaandika kwa mazoea, futa b."

"Kama mapacha wanaopewa majina upya kila asubuhi, kwa kuangalia nani kaamka kwanza?"

Mzee alimtazama kidogo. "Ndivyo hasa. Na mimi nikamwita mmoja, akaja mwingine."

"Mlikuwa na nini humo?"

Mzee akakizungusha kikombe, asinywe.

"Mke wangu."

Kila alipoweka toleo jipya, alieleza, sauti ilikuwa inakufa. Mara spika imegoma, mara kipaza sauti hakisikii. Basi alikuwa akimwita mkewe, ambaye alikuwa msusi pale barazani, aje aseme neno la kujaribia huku akimrekodi. Mama wa watu aliacha kichwa cha mteja nusu, akaja na mafuta mikononi, akasema upuuzi wowote, akarudi zake.

"Sikuzifuta rekodi hizo. Si kwa mapenzi, ni uvivu tu. Nilipokwisha kumzika ndipo nikagundua ninazo."

Kuna mtu wa mbali, mmoja wa wale wanaoutengeneza mfumo ule, asiyemjua hata sura, aliyekuwa amemwandikia njia ya kuokoa. Alimwambia azime mara moja, asiandike chochote juu ya diski ile, kwa kuwa kilichofutwa bado kimelala chini yake. Lakini maelezo yalikuwa kwenye simu, kwa herufi ndogo, na mzee hakuyaamini tena macho yake wala vidole vyake.

"Nisomee," alisema.

Mama Tonge akamsomea herufi moja moja, lugha asiyoielewa, kama anasoma ubao wa darasa la kwanza. Ikafika mahali pa kutaja diski. Mzee akainua mkono.

"Usinisomee jina. Nisomee namba iliyo mgongoni mwake."

Akaisoma kwenye kibandiko, kisha kwenye kioo. Zilikuwa sawa. Hata hivyo mzee alimrudisha tena mwanzo, na tena, ndipo akabonyeza.

Kazi ilichukua mchana mzima. Tonge alilala kwenye kitanda cha mzee, akakilowesha. Vilivyookotwa vilitoka bila majina, namba tupu. Wakavifungua kimoja kimoja. Kadi ya harusi ya watu. Barua iliyokatika katikati. Mlio tu, kama wa mafuta ya kukaangia. Mzee alikuwa ameshaanza kuinamisha kichwa wakati sauti ya mwanamke ilipojaza chumba.

"Haya, niseme nini? Mikono ina mafuta. Unanisikia, baba? Hanisikii huyu. Mume kiziwi, kompyuta kiziwi."

Kikafuata kicheko, kikakatwa kabla hakijaisha.

Ziliokolewa chache, nyingi zikiwa vipande. Mzee alizinakili kwenye flashi, akaikaza mkononi.

"Yule wa mbali aliniuliza, nakala ya pili iko kwa nani. Sikumjibu. Si kwamba sikujua inatakiwa. Nilikosa wa kumpa."

Mama Tonge alimfuta mtoto mate shingoni.

"Naomba unihifadhie hii, mwanangu," mzee alisema. "Ila nakala isiyofunguliwa huharibika bila kumwambia mtu. Basi siku moja moja, ukipata nafasi, uwe unakuja nayo. Tuifungue, tusikie kama bado yupo."